Asubuhi Presha Ilipogoma Kupanda

Baba yangu ni fundi wa injini za boti, na mtaani kwetu hakuna anayemwita kwa jina lake. Ni Geji tu, kwa sababu hashiki spana kabla hajapima. Mpelekee injini umwambie pampu imekufa, atakutazama kana kwamba umemtukana, kisha atatoa geji yake ya presha anayoiviringisha ndani ya soksi kuukuu. Mama husema alipokwenda kumposa, alipima kwanza upana wa mlango wa kwao. Simwamini sana, lakini simbishii.

Asubuhi niliyotakiwa kuripoti kazini ng'ambo ya maji, nikiwa muuguzi mpya wa zahanati, saa tatu kamili, boti iligoma. Nahodha alisema ikinguruma taratibu haina neno, ila akiongeza mwendo inakohoa na kuzimika. Ilikuwa saa moja na nusu, na boti nyingine haikuwepo mpaka mchana. Kuchelewa siku ya kwanza, mgeni mimi! Nilitamani kulia.

Baba aliunga geji kwenye njia ya mafuta. Injini ikienda taratibu, mshale ulitulia mahali pake. Nahodha alipoongeza mwendo, ukaporomoka. Baba akalaumu chujio, akalifungua, safi. Akalaumu petroli, akaimimina kwenye chupa, haina hata tone la maji. Akamgeukia nahodha, naye akasema kwa upole kwamba tangu matengenezo ya jana hakuna aliyeigusa boti ile ila fundi mwenyewe.

Mama, ambaye huuza mafuta ya kupikia kwa madumu, alikuwa ameketi juu ya begi langu. Ndiye aliyeona kwamba mpira wa kubinyia mafuta, ule ulio kwenye bomba litokalo tangini, umenywea hadi pande zake zimegusana. Akasema dumu lisilo na tundu la hewa halimimini kitu, akainuka, akalegeza skrubu ndogo ya hewa juu ya mfuniko wa tangi. Tangi likavuta pumzi, fyuuu. Mpira ukajaa. Nahodha akaongeza mwendo, na safari hii mshale haukutikisika.

Mfuniko ule ulikuwa mpya; Baba aliufunga jana kwa mkono wake, na skrubu akaikaza mwenyewe, asipime. Mganga hajigangi. Nahodha aligeukia upande wa pili ili acheke kwa heshima.

Mama hakucheka. "Baba watoto, ulisahau, au hukutaka huyu aende?"

Baba aliirudisha geji ndani ya soksi, polepole mno. Mimi ni kitinda mimba wake, na wiki nzima alikuwa akiupita mlango wa chumba changu bila kuingia. Nilimkasirikia, na nikampenda kuliko siku zote. Akalibeba begi, akalitia botini, akanipa mkono.

"Panda, mwanangu," alisema, "kabla sijaikaza tena ile skrubu."