Siku Mama Alinililia Ningali Hai

Aibu hii, jamani, nilijitafutia mwenyewe, na hata leo nikikutana na mtu wa promosyo yetu, tuliyeingia naye shule mwaka mmoja, pale sokoni Bunia anaanza kucheka kabla hajanisalimia, nami najifanya natazama ndizi.

Shule yetu ya wauguzi ilikuwa mpya kabisa, siye ndio promosyo ya kwanza, tunasomea chini ya mabati yasiyo na kuta, na sasa mainspekta wanakuja kutoka Kinshasa: wakiridhika, shule inatambuliwa na diplome zetu zinafaa, wasiporidhika inafungwa, kila mtu arudi kwao kulima. Tulipaswa kuwaonyesha namna ya kumhudumia mtu aliyepata ajali. Masera, yule sista mkali aliyekuwa direkta wetu, akaninyooshea kidole: "Weye iko mwepesi, utakuwa mugonjwa." (Kweli nilikuwa mwembamba, ukinitazama kwa upande hunioni.) Kumbe nilikuwa nimeshamtumia mama salamu kule Mahagi, kwa shofere wa kamyo la mizigo, aje aone mwanawe akitibu watu mbele ya wakubwa! Ningetuma salamu nyingine mambo yangekwisha, lakini niliona haya, nikanyamaza.

Siku ikafika. Aliyepangiwa kunihudumia ni Furaha, binti wa Djugu, ambaye alijua kazi kuliko siye wote lakini akitazamwa tu mikono inamtetemeka. Kwa woga akanifunga bandaji kichwani, akafunga taya, akafunga mikono, akaniwekea mbao mguuni, akanipaka dawa nyekundu kila mahali, mpaka zikabaki pua na jicho moja. Nami niliambiwa sina fahamu, basi nimelala kimya juu ya machela pale uani, mainspekta wameketi na suti zao za abakosti, mkubwa wao anapiga miayo.

Hapo mama akaingia. Kamyo liliharibikia njiani, maelezo kwamba ni maonyesho tu yalishatolewa, yeye anaingia na kuku kwapani akimtafuta mwanawe daktari, anaona viatu vyangu vimetokeza chini ya shuka. Viatu alivyoninunulia mwenyewe!

"Woooi! Mutoto yangu! Mumeniulia mutoto!"

Kuku akarukia meza ya wakubwa. Wanawake waliokuwa wanapita kwenda sokoni wakasikia kilio, wakaingia nao, wakalia bila kujua wanamlilia nani (kwetu kwenye msiba watu hawaulizi kwanza). Nikataka kusema "Mama, niko muzima," lakini kwa taya zile nikatoa "Mmmm!" tu, na mama aliposikia maiti inanguruma, akaanguka chini, puu!

Nilijua tumekwisha. Shule nzima, kwa ajili yangu! Nikalia kwa lile jicho moja.

Lakini Furaha, haki ya Mungu, mikono yake ikatulia. "Mutoke! Mumuachie hewa!" Akawafukuza wanawake, akawafukuza na wakubwa wa Kinshasa, akamlaza mama vizuri, akamwinua miguu, akalegeza kitenge kiunoni, akashika mapigo ya moyo, huku anamwita taratibu, "Mama, fungua macho, mama," mpaka akafungua. Kisha akaja kunifungua mdomo.

"Mama, ni mimi," nikasema.

Akanipiga kofi mbele ya wote.

Inspekta mkubwa alikuwa amesimama, miayo imekwisha. Akamwambia Masera, "Ile ya kwanza mulitufanyia teatre. Hii ya pili nimeona wauguzi." Shule ikatambuliwa, na siye tukaimba mpaka sauti zikakauka.

Mwaka uliofuata wazazi walijaa uani kutafuta nafasi, ikabidi lijengwe darasa lingine, lenye kuta, na katika foleni nikamwona mama amemshika mkono mdogo wangu wa kike. Mama yuleyule aliyezoea kusema shule ni ya nini kwa binti!

"Nimemuleta," akamwambia Masera. "Nataka akuwe kama ule binti aliniamusha. Lakini siku mutamufunga vile vitambaa, muniambie kwanza."

Na mimi nimeapa: hata nikishikwa na homa ya kweli, mama ndiye wa kwanza kuambiwa.