Masale Mbele ya Mimbari

Mimbari ya kanisa letu huku Marangu ilitengenezwa kwa kipimo cha mchungaji mmoja mrefu ajabu. Alipohamishwa, yenyewe ikabaki. Baba yangu, mzee wa kanisa aliyehubiri Jumapili ambazo mchungaji yuko mtaa mwingine, alionekana paji la uso tu, na hapo ameshapanda juu ya kreti la soda. Kreti likilia, sisi wanakwaya tunakohoa ili tusicheke. Wanaojenga makanisa nawaambia: mpimeni mhubiri mfupi kuliko wote, mrefu atainama mwenyewe.

Tena ilikuwa na kasoro nyingine: aliyesimama ndani haoni kinachoning'inia kwa mbele.

Miaka hiyo bei ya kahawa ilikuwa imeporomoka, na baba mdogo, anayemfuata baba kuzaliwa, aling'oa mibuni aliyoipanda babu akaweka nyanya. Baba alichukia, jamani. Shikamoo ya ndugu yake akawa haitikii, nasi watoto tukakatazwa kukanyaga kihamba chake, yaani shamba lake la nyumbani. Mimi niliumia, maana baba mdogo nilimpenda sana. Mama alimbembeleza baba mpaka akachoka.

Sasa Jumapili moja ya zamu ya baba, mama, ambaye ndiye aliyekuwa akipamba kanisa, akadai maua yote yameishia kwenye harusi ya jana yake. Akachuma masale, yale majani marefu yanayopandwa mpakani mwa shamba, akayafunga mafundo, akayapanga mbele ya mimbari. Mchagga yeyote anajua: ukiletewa isale lenye fundo, umeombwa msamaha, na kukataa huwezi. Mama naye ni Mchagga. Tuyaache hayo.

Baba akapanda kreti, akasoma neno. Watu wakaanza kunong'ona. Akadhani ni kreti, akasogeza miguu, akaendelea. Mara baba mdogo akainuka benchi la nyuma, akatembea taratibu mpaka mbele.

"Kaka, nimepokea," akasema.

"Umepokea nini?" baba akauliza kutoka huko ndani.

Baba mdogo akaonyesha kwa kidole. Baba akashuka, akazunguka, akayaona masale. Ninavyomjua baba kwa ukaidi, niliogopa atayang'oa yote ayatupe nje, na undugu uishe palepale mbele ya watu. Akageuka kumtazama mama. Mama alikuwa amezama kwenye kitabu cha nyimbo, anatafuta wimbo ambao hakuna aliyeutangaza.

"Mdogo wangu," baba akasema, "haya mimi sikuyafunga." Akainama, akagusa fundo. "Ila ningekuwa na akili, ningeyafunga mwenyewe zamani."

Akachomoa isale moja, akamwekea ndugu yake mkononi. Baba mdogo akalia palepale, mtu mzima, na hakuna aliyemnyamazisha.