Ganda Moja Ambalo Baba Hakulisafisha

Baba yangu alimuua kaka yangu kwa risasi.

Sikufumbii. Mji wetu mzima huku Montana, Marekani, ulilijua hilo, na mimi nililijua kuliko wote, maana nilikuwa nimesimama hatua tano kutoka kwake.

Basi tulia nikusimulie. Baba tulimzika Machi iliyopita, na nilichokikuta kwenye karakana yake bado kinanitafuna.

Ilikuwa Novemba 1987, msimu wa kuwinda kulungu. Tulikuwa wanne: baba yangu Orrin, rafiki yake Merle, kaka yangu Wendell, miaka kumi na saba, na mimi, Loren, miaka kumi na mitatu, na bunduki yangu ya kwanza.

Bunduki yenyewe mtumba. Pini yake, ile inayogonga kitako cha risasi, ilikuwa imepinda, kwa hiyo kila ganda la risasi lililotoka lilikuwa na alama pembeni badala ya katikati.

"Hiyo bunduki ina makengeza," Wendell alinitania. "Utalenga kulungu, ulipe ng'ombe wa watu!"

Wendell alitumwa azunguke kilima. Kupanda kukampa joto, akavua fulana yake ya rangi ya chungwa, ile ya kuwafanya wawindaji wenzake wamwone. Sisi hatukujua.

Theluji ilikuwa inaanguka. Kitu kikatikisika kwenye misonobari.

Nikafyatua.

Kilio kilichotoka mle hakikuwa cha mnyama.

Baba alikimbia, akarudi, akanikamata mabega. Uso wake sikuutambua.

"Loren, nisikilize. Tumefyatua pamoja. Yako imepiga mti. Yangu ndiyo imempata Wendell. Umenielewa?"

Mimi nilisikia mlio mmoja tu.

Lakini una miaka kumi na mitatu, baba yako anakwambia siyo wewe. Aisee, unaamini. Unaamini kwa nguvu zako zote.

Polisi wakaandika ajali, yakaisha. Kwa mama yangu, Ardis, hayakuisha. Tulipotoka makaburini alifunga masanduku mawili, akanishika mkono, tukahamia mji wa Billings.

"Siwezi kulala kitanda kimoja na aliyemuua mwanangu," alimwambia baba mlangoni.

Baba akaitikia kwa kichwa. Hakujitetea hata kwa neno moja.

Hakuwinda tena maisha yake yote. Ila kazi yake ya mikono hakuiacha: kusafisha maganda ya risasi yaliyotumika ili yajazwe upya. Wawindaji walimletea ndoo nzima, yamefubaa na kujaa matope. Anang'oa fataki zilizoungua, vile vidude vya kitakoni vinavyogongwa na pini kuwasha baruti, anayamwaga kwenye mashine yenye magunzi ya mahindi yaliyosagwa, yanatikiswa humo kutwa nzima. Kisha anayafuta moja moja kwa kitambaa, mpaka shaba ing'ae kama pete ya harusi.

Nilipokuwa mtu mzima nilimtembelea, nikamkuta kwenye shughuli hiyo. Nikachemka.

"Hivi wewe huna hata aibu? Bado unachezea risasi?"

"Mikono ikikaa bure inaniuma, mwanangu," alisema. "Kahawa ipo jikoni."

Sikuinywa. Na sikurudi tena kwa miaka tisa.

Machi, Merle akanipigia simu. Moyo wa baba ulikuwa umesimama, yeye amemkuta sakafuni karakanani.

Mama nilipomwambia, alisema, "Mzike wewe," akakata simu.

Baada ya maziko nikaenda kufungasha vitu vyake. Ndani ya mashine kulikuwa na maganda ya watu, kazi ya nusu. Nikaona si vizuri kuyarudisha hivyo. Nikaiwasha, nikasubiri, nikaanza kuyafuta kama alivyokuwa akifanya. Vidole vikawa vyeusi. Ndiyo mara ya kwanza nilimlilia.

Kitambaa kikajaa uchafu. Kutafuta kingine, nikakuta kopo la tumbaku nyuma ya rafu.

Ndani mlikuwa na risasi tano nzima, ganda moja tupu, na kikaratasi chenye mwandiko wake: Novemba 1987.

Lile ganda lilikuwa jeusi, limeota kutu ya kijani. Mtu aliyeng'arisha maganda ya mji mzima, hili hakuligusa.

Nikaligeuza kitakoni. Alama ya pini ilikuwa pembeni.

Langu.

Hilo halikunishtua, nilijua nilifyatua. Kilichonishtua ni zile tano. Bunduki ya baba ilibeba risasi tano. Tano zote nilikuwa nazo kiganjani, fataki zake hazina hata mkwaruzo.

Nikazirudisha koponi.

Nikaendesha gari mpaka kwa Merle. Sasa ni mzee wa kupumulia mrija wa oksijeni.

"Mzee Merle, baba alifyatua ngapi siku ile?"

Akakiweka kikombe chake mezani.

"Orrin alinikataza."

"Orrin amekufa, mzee."

Akafuta macho. "Hakufyatua, kijana. Hata moja. Nilimwambia anajimaliza. Akanijibu, 'Mmoja ameshakwenda, Merle. Huyu mwingine simpotezi.'"

Na kweli hakunipoteza. Mimi ndiye niliyempoteza yeye.

Ningeweza kunyamaza. Mama ana miaka themanini na mmoja, nani angemwambia? Njia nzima kwenda Billings nilikuwa nabishana na nafsi yangu.

Nilimkuta anamenya viazi. Nikamweleza yote, nimesimama, kofia mkononi.

Kisu kikasimama.

Nilisubiri laana. Nilisubiri anifukuze. Ningekubali vyote.

Akauliza kwa sauti ndogo, "Nani alikuwa anampikia?"

"Sijui, mama."

"Krismasi alikuwa anakula na nani?"

"Sijui."

"Miaka yote hiyo, Loren?"

Nikapiga magoti, akaegemeza paji lake la uso kichwani kwangu, tukalia hadi viazi vikabadilika rangi.

Rafiki, kama kuna mtu umemhukumu na bado anapumua, nenda ukakae naye mezani, umsikilize na umtazame usoni. Wako watu wanaobeba mzigo wako na hawatakuambia kamwe. Wewe unawaona wabaya, kumbe wewe ndiye unayetembea bila mzigo.