Siku Tangazo la Magodoro Liliponiomba Msamaha

Wandugu, nimeshaombwa msamaha na watu wengi. Na tangazo la magodoro? Siku ile tu.

Mimi ni Mektrida, afisa mipango miji hapa Moshi. Kwenye mtaa wa majengo ya kale, matangazo ya taa ni marufuku. Mzee Rogath muuza magodoro akaweka skrini kubwa juu ya duka lake hapo hapo mtaani. Mwanga wake sasa! Majogoo wa jirani wakawa wanawika saa mbili usiku.

Nilimfuata mara kibao. Jibu ni lile lile: "Sina kosa, binti yangu."

Asubuhi moja bosi wangu Tito, mtu wa Tanga, akaniita.

"Wakubwa wanauliza nani aliruhusu lile tangazo. Nimewaambia ni uzembe wako. Leo lisiposhuka, kazi huna."

Uzembe wangu! Nilitoka nimefura kwa hasira. Nikachukua fundi na ngazi, huyoo.

Kufika, picha ya godoro haipo. Skrini nzima ni jani la sale, linawaka kijani, refu kunizidi.

Kama hukukulia mlimani: sale ndilo jani tunalopelekeana kuomba msamaha. Ukiletewa, hata uwe umekasirika vipi, unasamehe.

Fundi Sirili akalaza ngazi chini.

"Dada, mimi hapo sipandi."

"Ile ni picha, Sirili!"

"Sale ni sale. Panda wewe."

Nikampigia bosi, nikaweka spika, nikamwambia kuna jani la sale.

"Jani? Jani gani? Nasubiri hapa hapa kwenye simu mpaka lishuke!"

Watu wameshajaa. Nilitaka kulia, jamani, nina watoto wanasoma.

Rogath akatoka, anatabasamu hadi jino la mwisho.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umeliona sale langu?"

"Nimeliona. Nimekusamehe."

Watu wakapiga makofi. Hasira zikanipa akili.

"Ila mzee, mtu asiye na kosa analeta sale la nini?"

Rogath akainua macho kuitazama skrini yake.

"Mila si unaijua? Mwenye sale anataja kosa, kisha anarekebisha. Taja."

Akawageukia wazee wenzake waliokuwa wanakunywa kahawa barazani. Mmoja akaweka kikombe chini.

"Taja, Rogath. Usituaibishe."

Jasho likamtoka.

"Nimeweka taa bila kibali. Lakini Tito aliniruhusu kwa mdomo! Nikampelekea godoro la sita kwa sita mpaka nyumbani!"

Mtaa mzima ukaikodolea macho simu yangu.

Rogath akaingia ndani, akazima skrini mwenyewe. Sirili akasimamisha ngazi, akapanda huku anapiga mluzi.

Ndipo simu ikakohoa.

"Mektrida... hayo majani yanapatikana wapi?"

Kazi ninayo mpaka leo. Ninachowaambia ni hiki: ukibebeshwa kosa la mtu, usilipeleke kulilia chumbani. Litoe barabarani, mchana kweupe, na uliza kwa sauti ni la nani.