Mwingereza Aliyekufa Butembo

Waasi walipokwisha kuondoka, shule yetu ya Butembo ilipata mwalimu Mwingereza. Wazungu wengine walikuwa wamekimbia. Huyu ndiyo kwanza alikuwa anafika, amevaa viatu vya mjini. Mimi nilifundisha watoto wadogo shuleni hapo, na mama yangu ndiye aliyempikia.

Jioni, akila bugali na sombe, yale majani ya muhogo, alitusimulia maisha yake. Baba yake alikuwa muuza nyama, alitaka mwanawe arithi kisu. Lakini kijana alikuwa akiona damu anazimia. Akakimbilia kwa watu wa michezo ya jukwaani. Kwanza wakamfanya miguu ya nyuma ya farasi wa kitambaa. Siku moja farasi akaanguka, yeye akabaki amelala kwa uchungu, watu wakapiga makofi sana. Tangu hapo kazi yake ikawa kufa: kwa upanga, kwa sumu, kwa huzuni.

"Na balikuwa banakulipa sababu ya kufa?" mama akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Mais siye huku tunakufa bure!"

Basi mwalimu akatunga mchezo wa mfalme anayenyweshwa sumu. Yeye mfalme, mimi malkia. Ukumbi wa parokia ulijaa, hata askari waliotumwa kutoka majimbo mengine walikuja na wake zao. Mfalme akanywa. Akashika koo, akazunguka, akaangusha kiti, akamwita mama yake, akaanguka macho wazi na ulimi nje.

Mama yangu, aliyekaa mbele kabisa, akaruka. "Yoo! Mutoto wa benyewe! Amekufa na chakula yangu mu tumbo!"

Wamama wote wakapokea kilio. Waliokosa nafasi ndani wakaenda kutafuta kuni za matanga.

"Monsieur, amuka," nikamnong'oneza.

"Haiwezekani," akajibu bila kusogeza midomo. "Pazia bado haijafungwa."

Pazia lilikuwa limekwama. Infirmier, muuguzi wa parokia, akapenya na sindano, akamchoma kwenye tako. Mfalme akaruka na kupaza sauti, taji likamwangukia malkia. Watu walicheka hadi benchi likavunjika. Mama peke yake alinuna, hakumpikia kesho yake.

Wiki iliyofuata tuliupeleka mchezo Beni. Kwenye barrière, kizuizi cha barabarani, askari akamkazia macho.

"Ni ule muzungu wa Butembo? Balituambia alikufa."

"Ndiyo, nilikufa," akajibu kwa fahari.

Mkubwa wao akatoka kibandani. "Donc, kufa tena tuone. Kama hapana kufa, hamupite."

Akafa palepale vumbini. Mkubwa akavua kofia. "Muzuri. Sasa polepole." Akafa tena. Askari waliokuwa wanalala wakaamshwa waje kuona, akafa kwa ajili yao pia.

Jioni, mbele ya watu wa Beni, mfalme alikunywa sumu yake, akaketi kwenye kiti cha enzi, akafunga macho.

"Leo hapana kufa," akasema. "Leo nitagonjwa tu."

Nikabaki kumkanda miguu mpaka pazia likafungwa.