Kichuguu cha Mama Monga

Enzi zetu, mtoto wa kwetu Kampemba alijua kupanda kichuguu kabla hajajua kusoma. Nyinyi wa rika langu hamhitaji kuelezwa. Kila ua ulikuwa nacho, kirefu kuliko paa, na tuliteleza juu ya kipande cha bati kutoka kileleni mpaka kaptula zikatoboka, kisha tukachapwa kwa sababu ya kaptula. Mvua za kwanza zikinyesha, kumbikumbi walitoka humo kwa maelfu. Mama aliwakaanga kwa mafuta yao wenyewe, tukawala na bukari, ugali wetu. Kijana wa leo ukimwekea sahani hiyo, anaipiga picha kwanza, halafu anaomba soseji.

Chini ya mtaa wetu ulipita Naviundu, mto mdogo, ambao wakati wa kiangazi unauvuka umeshika viatu mkononi. Mwezi wa kwanza ukifika, ulipanda mpaka kwetu bila aibu. Wazee waliitaja miaka kwa mafuriko: mwaka maji yalipokula mihogo, mwaka yalipobeba choo cha kanisa na mlango wake umefungwa. Kila mara watu walikimbilia kichuguu cha karibu, na babula, lile jiko la makaa, na sufuria, wakangoja yashuke.

Kisha ikaja ile miaka mnayoijua. Kampuni ya migodi, iliyoajiri karibu kila baba wa mtaa, ikaanguka, mishahara ikakoma, maduka ya mjini yakaporwa mpaka milango. Wanaume waliozoea kuamka kwa king'ora cha kazi wakabaki uani, wakivitazama vichuguu. Udongo wake ndio bora kwa matofali, na matofali yalikuwa na wanunuzi. Jirani yetu Papa Kazadi ndiye aliyeanza. Alikuwa na watoto sita, simlaumu. Mtaa mzima ukafuata, na baada ya misimu miwili yalibaki mashimo na matanuru yanayofuka moshi.

Baba naye akaleta jembe. Mama akapanda juu ya kichuguu chetu, akatandika kitenge, akakaa akichambua mboga ya lengalenga, mchicha wetu.

"Chimba, Baba Monga. Lakini utaanza na miye."

"Batoto banalala na njala, Mama Monga."

"Njala tunaiyuwa. Siku mayi itakuya, utabapandisha wapi hawa batoto? Juu ya matofali ya bantu bengine?"

Baba alirudisha jembe. Papa Kazadi alicheka akiwa kwenye tanuru lake: "Mama Monga anachunga udongo sawa vile ni mbuzi." Usiku ule tulilala na njaa kweli, na usiku mwingine mwingi. Nilimchukia mama kwa ajili ya kile kichuguu, sifichi.

Mwaka uliofuata maji yalikuja mchana, bukari ikiwa bado motoni. Yale mashimo yalijaa kwanza, na hakuna aliyejua tena wapi ni njia na wapi ni shimo. Papa Kazadi alitokea maji yakiwa kifuani, mtoto mmoja shingoni, mwingine mkononi, mkewe nyuma na wengine. Alifika chini ya kichuguu chetu akasimama. Aliyecheka hajui aanzie wapi.

"Hodi, Mama Monga," akasema.

"Papa Kazadi, mayi haipigake hodi. Mwenye anaikimbia pia asipige. Leta mutoto."

Kufikia jioni mtaa wote ulikuwa juu ya kichuguu chetu, tumebanana, tunagawana bukari tonge kwa tonge. Mama aliwahesabu watoto, akarudia, akahesabu tena. Hakupotea hata mmoja.

Leo mama hayupo. Nyumba ni yangu, na kijana wangu anataka tuchimbe kichuguu tujenge ukuta wenye geti, tuishi kama watu. Maji yakija, anasema, simu itatuambia. Nikamuuliza kama simu itatubeba mgongoni. Zamani tulikuwa maskini, lakini ungeweza kutoka ua hadi ua bila kugusa barabara. Sasa kila ukuta umepandwa vipande vya chupa, na mto ni ule ule.

Juzi alikuja na fundi na tepu ya kupimia. Nilichukua kitenge na bakuli la lengalenga, nikapanda. Magoti yaliniuma, lakini nilifika. Kichuguu hakichimbwi, geti haliwekwi, na mtu wa mtaa huu akifukuzwa na maji, asipige hodi.