Mnyoo Niliyempa Jina la Baba Mkwe

Kosa ni langu, wala msimtafute mchawi. Nilimpoteza mwanamke niliyempenda kwa sababu ya mnyoo asiyeonekana bila hadubini. Chekeni tu, nimeshazoea!

Kazi yangu hapa Arusha ni kuchunguza minyoo bapa inayong'ang'ania matamvua ya samaki wa baharini na kujilia humo. Ndiyo, najua, bahari hatuna! Samaki wanakuja na barafu yao kutoka Tanga. Ukikuta mnyoo ambaye hajawahi kuandikwa na mtu, unampima, unamchora, unamweleza kwenye jarida la kisayansi, na jina unampa wewe. Jamani, raha yake! Kwetu sisi, mnyoo kupewa jina la mtu ni heshima kubwa. Mwalimu wangu alipopewa wake alitoa machozi.

Basi nikampata wangu, kwenye matamvua ya kolekole. Wakati huo nilikuwa namchumbia Nasieku, binti wa mzee mmoja mfugaji wa Kisongo. Mzee mkali, maneno machache, lakini alikuwa ameshakubali posa. Nikasema huyu nitampa zawadi ambayo mkwe yeyote hajawahi kuitoa. Mnyoo akapata jina la mzee, na jarida likalichapisha. Sikumuuliza mtu, hata Nasieku. Eti sapraizi!

Siku ya kupeleka mahari nikaenda na picha kubwa ya mnyoo ndani ya fremu. Mshenga wangu akanivuta shati: "Kaa chini, nitasema mimi." Wapi! Nikasimama mbele ya wazee na kumwaga sayansi yote.

Mzee akaitazama picha. "Huyu ni mdudu gani?"

"Mnyoo bapa, baba. Atabeba jina lako mpaka mwisho wa dunia!"

"Kama ile ya maini ya ng'ombe?"

Mjinga mimi, nikafurahi kwamba ameelewa. "Hiyo hiyo, baba! Ni ndugu kabisa!"

Kumbe mwaka wa nyuma minyoo ya ini ilimmalizia nusu ya zizi. Tena Nasieku alishanisimulia, huku analia, nami akili yangu yote ilikuwa maabara.

"Kijana," mzee akasema, "lifute hilo jina."

"Halifutiki, baba. Likishachapishwa, sheria yetu hairuhusu."

Akainuka, akaenda zake kwa ng'ombe. Wazee wengine wakamfuata na soda zao mkononi. Mahari tukarudi nayo, na picha pia.

Kesho yake Nasieku akanipigia. "Baba hasira zitamwisha," alisema. "Mimi ndiye siwezi. Nilikwambia ng'ombe wetu walivyokufa, kumbe hukusikia hata neno moja."

Aisee!

Sasa nasikia ameposwa na kijana wa Elerai mwenye duka la dawa za mifugo. Anauza dawa ya minyoo! Naambiwa mzee anampenda huyo kupita kiasi.

Nyie mnaopenda kushtukiza watu kwa zawadi, ulizeni kwanza. Na mchumba wako akikusimulia jambo, achana na kazi umsikilize, maana hakuna atakayekurudishia siku hiyo. Juzi nimepata mnyoo mwingine mpya, mzuri ajabu. Nilishika simu nimwambie mtu, nikakuta sina wa kumwambia.